Chunusi haziishi na tumbo nalo halijatulia, hivi vinahusiana kweli?

Binti wa Nkuhungu:
Habari za humu wadau. Niko Dodoma, nilihamia kikazi kutoka Tanga, na tangu nifike huku uso wangu umebadilika kabisa. Nina chunusi zile za ndani, hazina hata kichwa, ukigusa zinauma, zimejaa kwenye taya na kidevu na zikikauka zinaacha weusi. Sasa kinachonifanya niulize ni kwamba na tumbo nalo limegoma kipindi hicho hicho, naweza kukaa siku tatu sijapata choo, gesi muda wote, jioni sketi ya kazini hainifungi.

Kuna dada ofisini anauza dawa ya kusafisha utumbo, anasema chunusi ni uchafu ulioganda tumboni unatafuta pa kutokea, unakunywa asubuhi unaharisha siku nzima, baada ya dozi uso unang'aa. Bei ni laki na kidogo. Pesa ninayo ila kabla sijaitoa naomba kujua, tumbo na uso vinahusiana kweli?

Chakula changu kwa kusema ukweli ni chai ya maziwa na chapati asubuhi, mchana chips au wali pale nje ya ofisi na soda, usiku nakuwa nimechoka nakula chochote. Maji nakunywa kidogo sana maana maji ya huku yana chumvi yananishinda.

Mama G:
Pole mdogo wangu. Yanahusiana sana tu, sisi wazee wetu walikuwa wanatupa sanamaki, yale majani ya kuharishia, kila tukifunga shule na hatukuwa na chunusi. Mimi mpaka leo naitumia nikiona uso umeanza. Hiyo ya laki usinunue, nenda pale Majengo sokoni kwa wauza dawa za asili utapata sanamaki kwa bei ndogo tu.

Ngozi Kliniki:
Shikamoo Mama G, naomba hapo nitofautiane na wewe kwa heshima. Mimi nafanya kazi kliniki ya ngozi, nimesoma pale RDTC, chuo cha magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC Moshi, na hili swali naulizwa karibu kila siku kwa hiyo niandike kwa kirefu kidogo.

Dada, uhusiano upo ila sio huo unaouziwa. Hakuna uchafu unaoganda tumboni ukapanda usoni. Chunusi inaanzia kwenye kinyweleo, homoni zinafanya tezi zitoe mafuta mengi, kinyweleo kinaziba kwa seli zilizokufa, bakteria wanaoishi humo wanaongezeka, mwili unapambana nao ndio unaona uvimbe na maumivu. Za taya na kidevu kwa mwanamke mtu mzima mara nyingi ni homoni, angalia kama zinazidi ukikaribia siku zako.

Tumbo linaingilia wapi? Kwanza ni kile unachokula. Ukila vitu vinavyopandisha sukari haraka kwenye damu, yaani soda, chapati na maandazi ya ngano nyeupe, chips, sembe, mwili unatoa insulini nyingi, ile homoni ya kushusha sukari, na insulini inaamsha homoni zinazosukuma tezi za mafuta. Hapa ushahidi upo wa kueleweka. Mwaka 2002 watafiti waliandika kuhusu watu wa kisiwa cha Kitava kule Papua New Guinea, walipima watu 1,200 hawakukuta hata mmoja mwenye chunusi, na watu wale wanakula viazi, matunda, samaki na nazi, vitu vya kiwandani karibu hakuna. Mwaka 2007 Australia wakachukua vijana wenye chunusi wakawagawa, waliopewa chakula kisichopandisha sukari haraka kwa wiki 12 chunusi zao zilipungua kuliko wenzao. Maziwa ya ng'ombe nayo yanatajwa kwenye tafiti nyingi, hasa yaliyotolewa mafuta, ila sio kila mtu yanamsumbua.

Pili ni wale bakteria wa utumboni. Wazo lenyewe sio jipya, madaktari wawili wa Marekani, Stokes na Pillsbury, walishaandika mwaka 1930 kwamba msongo wa mawazo unavuruga bakteria wa tumbo na matokeo yake yanaonekana kwenye ngozi. Na kuna magonjwa ambayo tuna uhakika kabisa yanatoka tumboni yanajitokeza kwenye ngozi, mfano wale ambao utumbo wao hauwezi ngano, baadhi yao wanatoka malengelenge yanayowasha sana viwikoni na magotini, wakiacha ngano kabisa ngozi inatulia. Kwa chunusi za kawaida bado utafiti haujafika hapo, kwa hiyo mtu akikuuzia kopo la bakteria wazuri akuahidi uso msafi, huyo ameutangulia utafiti.

Sasa hiyo ya kuharisha. Sanamaki na ndugu zake zinalazimisha utumbo ujikamue. Unapoteza maji, unapoteza chumvi muhimu kama potasiamu ambayo moyo unaihitaji, na ukizoea kuitumia mara kwa mara utumbo unaweza kuwa mvivu wa kufanya kazi bila hiyo. Mama G mara moja moja ukifunga choo sawa, ila kama tiba ya uso hapana, na tafadhali watoto msiwape.

Mgogo wa Kongwa:
Huyu mtaalamu ameongea vizuri sana. Niongezee la nyumbani kwetu. Dada umehamia sehemu yenye chakula chote cha tumbo halafu unakula chips! Ugali wa uwele au wa mtama na mlenda, hiyo choo ya siku tatu utaisahau. Uwele unasagwa na ganda lake, sio kama sembe iliyokobolewa ikabaki wanga mtupu, na mlenda ule utelezi wake wenyewe unasaidia. Ukianza mara ya kwanza utaona ugali ni mweusi kidogo na una uchungu kwa mbali, usikate tamaa, omba wakupikie na maziwa mgando au nyama ya mbuzi.

Na ubuyu. Ila sio ule mwekundu wa kwenye vifuko, ule ni sukari na rangi inabaki kwenye vidole na ulimi mpaka jioni. Nunua ule mweupe, unabandua unga wake kwenye mbegu unakoroga na maji, unga ule una nyuzinyuzi nyingi sana. Na ladha ya chumvi ya maji huisikii tena, hapo shida yako ya kunywa maji imeisha.

Ngozi Kliniki:
Mgogo wa Kongwa hapo kwenye ubuyu umenigusa. Wahadzabe wa pale ziwa Eyasi wanakula ubuyu, mizizi, asali na nyama ya kuwinda, na mwaka 2014 ulitoka utafiti uliolinganisha bakteria wa matumbo yao na wa Waitaliano wa mjini, Wahadzabe walikuwa na aina nyingi zaidi. Bakteria wazuri wanakula nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kumeng'enya, wakishakula wanatoa vitu vinavyolinda ukuta wa utumbo na kutuliza uvimbe mwilini. Dada ongeza nyuzinyuzi taratibu lakini, ukiongeza ghafla gesi itazidi.

Juma Area C:
Wakuu mimi chunusi zilinijaa mgongoni nilipoanza kunywa ile protini ya unga ya gym, nilipoacha zikapungua zenyewe. Ile si inatokana na maziwa? Naona inaendana na alichosema mtaalamu.

Ngozi Kliniki:
Ndiyo Juma, nyingi zinatengenezwa na maji ya maziwa, na hilo tunaliona sana kwa vijana wa gym. Mayai, maharage na dagaa vinatosha kabisa.

Binti wa Nkuhungu:
Asanteni sana jamani, sijui hata niseme nini. Ile dawa sinunui. Soda naanza kuacha leo na huo uwele nautafuta wikiendi. Lakini uso wenyewe nipake nini? Kuna duka hapa mtaani wananichanganyia krimu kwenye kikopo, ukipaka inaondoa na weusi. Na kuna rafiki yangu kanipa vidonge vyake vya chunusi alivyoagiza, vinaitwa isotretinoin, anasema vilimkausha kabisa. Sijaanza. Nimeolewa mwaka huu, tunatafuta mtoto.

Ngozi Kliniki:
Dada yangu nakuomba sana hivyo vidonge usivimeze hata kimoja. Isotretinoin inaharibu mtoto tumboni vibaya mno, na mwanamke anayeitumia lazima awe kwenye uzazi wa mpango wa uhakika, na akiacha asubiri angalau mwezi mmoja kabla ya kubeba mimba. Vinaandikwa na daktari baada ya vipimo, sio vya kupeana. Mrudishie na umwambie na yeye.

Ile krimu ya kikopo pia acha. Mchanganyiko kama huo mara nyingi una steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe), haidrokwinoni ya kung'arisha ngozi au hata zebaki. Steroidi usoni inatuliza mwanzoni, ukiacha chunusi zinarudi kwa hasira na ngozi imeshakuwa nyembamba. Zebaki inaharibu figo, na wewe unataka kubeba mimba.

Nenda famasi uulize benzoil peroksaidi asilimia 2.5 au 5, paka kidogo usiku sehemu yote yenye chunusi, na tumia foronya nyeupe maana inachujua rangi ya nguo. Ipe wiki nane hadi kumi na mbili. Adapalini, dawa nyingine ya chunusi ya kupaka, usiguse kwa sasa maana mnatafuta mtoto. Mchana paka sunscreen, jua la Dodoma linazidisha huo weusi. Ukiona zinazidi au siku zako hazieleweki, nenda hospitali ya General au ya Benjamin Mkapa uonane na watu wa ngozi. Na huko tumboni, kama unaona damu kwenye choo au unapungua uzito bila sababu, hilo usilingojee, nenda wiki hii.

Binti wa Nkuhungu:
Damu hapana, uzito uko vile vile. Vidonge namrudishia kesho asubuhi.