Ushauri: Mume ni mwanajeshi mstaafu mwenye kiwewe cha vita, mke naye asaidiwe vipi?

NyamanoroJuu: Wanajamvi, habari za jioni. Namuulizia jirani. Mumewe alikuwa kikosi cha kulinda amani Kongo. Bodaboda ikipiga mlio anajitupa chini, usiku anaweweseka na kupiga kelele. Mke halali, na sokoni, harusini, vikao vya shule, kote anakwenda peke yake. Mume amegoma hospitali. Mke aanzie wapi?

Muuguzi_Pasiansi: Aanze na nafsi yake, asisubiri mume akubali. Aende hospitali ya Bugando, idara ya magonjwa ya akili, afunguliwe faili kwa jina lake. Aeleze hali yake: halali, moyo unakwenda mbio, watoto anawafokea bure. Akitumia bima, aulize kwanza kuhusu rufaa.

Usiku, asimtikise. Awashe taa, asimame upande wa miguu, amwite kwa sauti ya kawaida: "Baba Neema, ni mimi, uko nyumbani, Mwanza." Asimguse hadi ajibu. Mtu akishikwa katikati ya jinamizi anaweza kukaba bila kujua anamkaba nani. Na panga lisilale chumbani.

Mzee wa Igoma: Avumilie tu, amkinge na kelele na wageni. Atatulia.

Kitangiri_Nasaha: Shikamoo mzee, ila hapo sikubaliani nawe. Mume anakwepa soko, mke anakwenda badala yake. Leo wote wanapumua, lakini mume hapati nafasi ya kuona kwamba soko halina hatari. Mwezi ujao atakwepa na kanisa. Mke naye anabaki mlinzi saa 24.

Mke apunguze jambo moja tu analomfanyia mume, kwa makubaliano. Mfano soko la Kirumba, muda ambao watu ni wachache. Wakae hofu ipande, wasubiri ishuke kidogo ndipo waondoke. Wakikimbia ikiwa kileleni, safari ya pili inakuwa ngumu zaidi. Kumbukumbu zenyewe za vita asizichokonoe, hiyo ni kazi ya mtaalamu. Tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe mara nyingi ni vikao 8 hadi 16, kwa kawaida kimoja kwa wiki.

Muuguzi_Pasiansi: Naongezea dawa, maana hapa mtaani watu wanashauriana ovyo. Diazepamu ya dukani, ile dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, haitibu kiwewe, inazoesha mwili hadi uitegemee, na ikikutana na pombe inaweza kuzima pumzi. Dawa za hospitali za sonona na kiwewe, kama sertralini, huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Wengi huacha wiki ya kwanza kwa sababu ya kichefuchefu, wakadai hospitali imeshindwa.

NyamanoroJuu: Asanteni sana. Na akianza kumpiga?

Kitangiri_Nasaha: Ugonjwa hauhalalishi kipigo. Akimpiga au kumtishia, mke atoke na watoto kwanza, mazungumzo baadaye. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi. Nguo, vyeti vya kuzaliwa, kadi ya bima na nauli vikae kwa ndugu mapema. Mume akitaja kujiua, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali usiku huohuo, na kama ana silaha mke asijaribu kumnyang'anya, apige 112, namba ya dharura.

NyamanoroJuu: Nimekuelewa. Jumatatu namsindikiza Bugando.