Gazeti la Serikali liko maktaba ya chuo, mwananchi anadaiwa kitambulisho cha mwanafunzi

Ndugu wanajamvi, naandika nikiwa na hasira, lakini nitaeleza kwa utaratibu ili atakayenijibu ajibu hoja.

Mimi ni mkulima na mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Kijiji chetu kimepakana na msitu wa hifadhi, na kwa miaka kadhaa tumebishana na wahifadhi kuhusu mahali mpaka unapopita. Wao husema mpaka umeandikwa katika Tangazo la Serikali la miaka ya 1950. Tukiomba kuliona, tunaambiwa lipo, basi. Mwalimu mmoja alinieleza kwamba maktaba ya chuo kikuu kimoja cha umma ina majalada ya Gazeti la Serikali, yaani chapisho rasmi ambamo matangazo kama hayo hutolewa, tangu enzi za mkoloni, nami nikapanda basi la usiku.

Mlangoni sikupita. Mlinzi alitaka kitambulisho cha mwanafunzi. Nilimwonesha cha NIDA, akasema hicho hakihusiki. Nilitoa barua ya utambulisho yenye muhuri wa mtendaji wa kijiji. Ilipelekwa ndani, ikarudi na jibu kwamba mgeni hupokelewa kwa barua ya chuo anachotoka au ya mwajiri wake, tena akishalipa ada ya mtafiti. Nikauliza mkulima mwajiri wake ni nani. Sikujibiwa. (Mlinzi simlaumu, yeye alinipa hata kiti.)

Ningekuwa nimekwenda kutafuta siri za Serikali, ningeelewa. Gazeti la Serikali huchapishwa ili watu wajue, na tangazo likishatoka humo hakuna anayesikilizwa akijitetea kwamba hakulisoma. Maana yake ni kwamba nikivuka mpaka kwa jembe nitashtakiwa kwa maandishi yale yale ambayo nilisafiri usiku kucha kwenda kuyasoma nikazuiwa na geti.

Ibara ya 18 ya Katiba inatambua haki ya raia kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 nayo inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa mamlaka za umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Najua wapo watakaonishauri niandike ombi nisubiri. Lakini nisubiri siku 30 kwa ajili ya karatasi iliyokwisha kutangazwa kwa umma, ambayo iko rafuni hatua chache kutoka nilipokalishwa, katika jengo linaloendeshwa kwa fedha za umma?

Marekani, maktaba zinazopokea machapisho ya serikali kuu bila malipo chini ya mpango maalumu, zikiwamo nyingi za vyuo vikuu, hubanwa na sheria kuyaacha yatumiwe na umma bure. Aliyekubali kupewa majalada amekubali na kufungua mlango.

Nitaambiwa kuhusu msongamano wa wanafunzi, na kuhusu wezi wanaokata kurasa kwa wembe. Wembe upo kweli. Basi nikalishwe meza moja mbele ya mkutubi, begi libaki kaunta, jina langu liandikwe daftarini kwa kitambulisho cha taifa, na nakala nizilipie mwenyewe. Sikuomba kuazima kitabu, wala sikuomba neno la siri la kompyuta zao.

Mwishowe nilimwomba kijana wa mwaka wa pili, niliyemkuta nje akinywa soda, aingie anipigie picha kwa simu. Aliingia bila kuulizwa lolote. Alinitumia kurasa tatu: mbili zinasomeka vizuri, na ya tatu, yenye maelezo ya mpaka wa kaskazini ambao ndio tunaogombania, imepigwa mkono ukitikisika na haisomeki. Kikao cha usuluhishi ni mwezi ujao, na hiyo ndiyo nakala nitakayokwenda nayo.