Tangazo la maji: napangaje maandishi ili watu waelewe bila kupiga simu ofisini?

katibu_maji

Wakuu, salaam. Naomba jicho la wanaoandika kwa kazi. Jumuiya yetu ya watumia maji ina kaya kama 600. Wachache wana dira (mita ya maji) nyumbani, wengi wanachota kwa ndoo kwenye vituo. Kuna tangazo linatakiwa kutoka. Litabandikwa ofisi ya kijiji na vituoni, litatumwa kwa meseji, na wenyeviti wa vitongoji watalisoma kwa kipaza sauti. Rasimu ni hii:

"TAARIFA KWA UMMA. Uongozi wa Jumuiya unapenda kuwataarifu wateja wake wote kuwa kutokana na kupanda kwa gharama za uendeshaji na ili kuweza kufanikisha zoezi la ukarabati wa miundombinu ambayo imekuwa ikipata hitilafu za mara kwa mara, kutakuwa na marekebisho ya bei ya maji kwa asilimia 100 kutoka shilingi 1,250 kwa uniti na huduma itasitishwa kuanzia Jumatano saa 8:00 hadi zoezi litakapokamilika. Aidha, wateja wenye madeni wanatakiwa kulipa kabla ya tarehe 30, vinginevyo hatua stahiki zitachukuliwa. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Wajumbe wanasema imekaa kiofisi, iende hivyo hivyo. Mimi naiona nzito. Mnapangaje andiko kama hili kabla ya kuanza kuandika, na likishaandikwa mnalirekebisha kwa kuanzia wapi?

---

Mhariri wa Zamu

Mkuu, humo ndani kuna matangazo matatu: maji yatakatika, bei inapanda, wadaiwa walipe. Kila moja lina msomaji wake. Anayechota kwa ndoo hana deni la dira, na mwenye dira anataka kujua uniti, si ndoo. Yatenganishe, hata kama yote matatu yatabandikwa siku moja. Dalili ya kukusaidia siku nyingine: ukijikuta umeandika "aidha" au "sambamba na hilo", jua tangazo la pili limeanza.

Kupanga hakuhitaji makubwa. Kwa kila tangazo andika pembeni: nani, afanye nini, lini, wapi, na asipofanya itakuwaje. Maneno mawili matatu kila sehemu, usiunde sentensi bado. Halafu tazama palipobaki wazi. Hapo watu wengi hudhani wana shida ya lugha, kumbe jambo lenyewe halijaamuliwa. "Hadi zoezi litakapokamilika" maana yake hakuna aliyemuuliza fundi kazi itachukua saa ngapi. "Hatua stahiki" maana yake kikao hakijakubaliana mdaiwa atafanywa nini. Bei mpya nayo haina siku ya kuanza. Huwezi kuyatibu hayo kwa kuchagua maneno mazuri; rudi kwa fundi na wajumbe kwanza, ndipo uandike.

Ukishajaza, anza na kile msomaji atakachokiona au atakachokifanya. Sababu ifuate. Kwenye rasimu yako msomaji anapita maneno 33 ndipo afike kwenye "kutakuwa na marekebisho". Wengi wataishia njiani.

---

katibu_maji

Nimezunguka kwa wahusika. Fundi anasema pampu ya kisima itang'olewa Jumatano tarehe 14/5, kazi ni saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, vituo vyote vitafungwa. Bei mpya inaanza tarehe 1/6. Mwisho wa wadaiwa kulipa ni tarehe 30/5, na asiyelipa dira yake inafungwa Jumatatu tarehe 2/6.

---

bi_kalamu

Hapo sasa kuna cha kuandika. Mimi nitagusa lugha tu.

Saa kwanza, kwa sababu hapo ndipo pa hatari. Uliandika "saa 8:00" ukiwa umeitoa kwenye simu, na fundi alikuwa na maana ya saa mbili asubuhi. Msomaji wa Kiswahili akiona saa 8 anasoma saa nane, yaani mchana. Atatoka kuchota saa tatu na kukuta kituo kimefungwa. Andika "saa 2 asubuhi", na usiache kamwe saa bila asubuhi, mchana, jioni au usiku. Siku mkikata maji usiku, jihadhari zaidi: "usiku wa Alhamisi" kwa wengi, hasa Pwani, ni usiku unaotangulia mchana wa Alhamisi, na kwa wengine ni ule unaoufuata. Magazeti huandika "usiku wa kuamkia Alhamisi". Fuata hiyo, weka na tarehe.

"Kabla ya tarehe 30" je, tarehe 30 yenyewe imo? Mtu akija siku hiyo na hela mkononi mtabishana naye dirishani. Andika "mwisho wa kulipa ni Ijumaa tarehe 30/5, saa 10 jioni".

"Asilimia 100" iondoe. Wapo watakaodhani maji yatauzwa shilingi 100. Weka bei ya zamani na mpya kwa kipimo anachokitumia mtu. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Kwa hiyo 1,250 kwa uniti ni shilingi 25 kwa ndoo, na bei mpya ya 2,500 ni shilingi 50. Kwa mchotaji: "Sarafu ya shilingi 50 ilikupa ndoo mbili, kuanzia Jumapili tarehe 1/6 itakupa ndoo moja." Hiyo itawauma, ndiyo, lakini ni heri iwaume wakiwa wameielewa. Neno "marekebisho" nalo ni la kujificha. Bei inapanda, sema inapanda.

Kisha maneno ya ofisini yasiyo na kazi. "Ili kuweza kufanikisha zoezi la ukarabati wa" ni maneno saba. "Ili kukarabati" ni mawili na hakuna kilichopotea. Kila unapoona zoezi la, suala la, hali ya, kuweza, jaribu kulifuta usome tena. Mara nyingi sentensi inasimama bila hilo neno.

Angalia pia vitenzi vinavyomficha mtendaji: zitachukuliwa, itasitishwa, imebainika. Si vibaya siku zote. "Vituo vitafungwa" inatosha, kwa sababu nani anageuza kufuli haimhusu mchotaji. Lakini panapohusu pesa au adhabu, mtaje mtendaji.

La mwisho ni amba-. Kiambishi cha ngeli hukusaidia kujua kinachosemwa ni nini, ila nomino mbili za ngeli moja zikifuatana msaada huo unapotea. "Wajumbe watawapelekea barua wateja ambao hawajalipa" haina utata. "Wateja watapelekewa barua na wajumbe ambao hawajalipa" inawadai wajumbe! Sogeza nomino hadi iguse amba- yake, au kata sentensi mbili.

---

fundi_meseji

Upande wa meseji kuna mtego wa gharama. Meseji moja hubeba alama 160, nafasi zikiwemo. Ukizidisha, inakatwa vipande vya alama 153 kila kimoja na unalipia kila kipande. Lakini hesabu hiyo ni kwa alama zilizo kwenye orodha ya kawaida ya meseji tu. Ikiingia hata moja iliyo nje ya orodha hiyo, kama emoji, ujumbe wote unashuka hadi alama 70, na ukigawanywa kila kipande kinabeba 67.

Kwa Kiswahili anayetuletea balaa ni ng'. Ukiandika "itang'olewa" kwenye Word, programu inakipinda kile kialama cha juu yenyewe. Kikipinda, kiko nje ya orodha. Kilichonyooka kimo ndani. Alama za kunukuu na kistari kirefu ni vivyo hivyo. Andika meseji kwenye Notepad au moja kwa moja kwenye mfumo wa kutuma meseji.

Mfano:

MAJI: Jumatano 14/5 vituo vyote vitafungwa saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Pampu itang'olewa kukarabatiwa. Chota akiba Jumanne. Maswali: mpigie katibu.

Hiyo ni alama 152, meseji moja. Maneno hayo hayo yakiwa na kile kialama kilichopinda ni vipande vitatu: kwa kaya 600 utalipia 1,800 badala ya 600. Mifumo mingine huonyesha idadi ya vipande kabla ya kutuma, usibonyeze bila kuitazama.

Neno MAJI nimeliweka mwanzoni makusudi. Watu huamua kufungua meseji kwa maneno ya kwanza yanayoonekana kwenye kioo, na "Uongozi unapenda kukutaarifu" haisemi lolote.

---

Mtangazaji

Nakubali mengi, ila msikate adabu yote. Tangazo la kijiji lisilo na salamu wala samahani linasikika kama amri, na kwa habari ya bei litawasha mjadala usio wa lazima. "Ndugu wanakijiji" mwanzoni na "samahani kwa usumbufu" mwishoni ni maneno machache, yabaki kwenye karatasi na kwenye kipaza sauti. Kwenye meseji ndipo yaondoke.

Na usimpe mwenyekiti wa kitongoji karatasi ile ile ya ubaoni. Msomaji anaweza kurudi nyuma, msikilizaji hawezi. Kwa kipaza sauti: salamu, taja jambo (maji yatakatika), kisha siku na saa, kisha la kufanya, halafu rudia siku na saa. Andika tarakimu kwa maneno, "saa mbili asubuhi", ili anayesoma asijikwae. Sentensi iishie pale pumzi moja inapoishia. Isome kwa sauti wewe mwenyewe kabla hujaitoa. Moja ikikulazimu kuvuta pumzi katikati, ikate.

Ubaoni, kichwa kiwe na herufi za urefu wa sentimita 2.5 hivi, zisomeke mtu akiwa hatua chache, kama mita 3. Mtu mwenye ndoo kichwani hasogei kusoma maandishi madogo. Usiandike yote kwa herufi kubwa. Maneno yanafanana umbo na macho yanachoka.

---

katibu_maji

Nimeshukuru sana. La wadaiwa nimeliandika hivi: "Ndugu mteja mwenye deni, mwisho wa kulipa ni Ijumaa tarehe 30/5, saa 10 jioni, ofisi ya kijiji. Asiyelipa, fundi atafunga dira yake Jumatatu tarehe 2/6. Bei mpya ya uniti, shilingi 2,500, inaanza tarehe 1/6." Nimejaribu kwa mjumbe mmoja, amesema ameelewa.

---

Mhariri wa Zamu

Sentensi mbili za kwanza ziko sawa. Ya tatu iondoe, umerudisha matangazo mawili pamoja: mdaiwa atadhani deni lake la zamani litahesabiwa kwa bei mpya akichelewa. Kwenye tangazo la bei ndipo useme wazi: "Maji uliyotumia hadi tarehe 31/5 utayalipia kwa bei ya zamani, shilingi 1,250 kwa uniti." Na hiyo inakudai uthibitishe kwamba dira zitasomwa tarehe 31, vinginevyo unaahidi usichoweza kukitimiza.

Kuhusu kujaribu: mjumbe hafai, alikuwepo kikaoni na anajaza mapengo kwa anayoyajua. Tafuta watu watano wa nje, akiwemo mchotaji wa ndoo na mwenye dira. Usiwaulize "umeelewa?" kwa kuwa kwa heshima watakujibu ndiyo. Mwache mtu asome, chukua karatasi, kisha muulize: "Jumatano saa tatu asubuhi ukienda kituoni utakuta nini? Deni unalipia wapi? Ukija nalo Ijumaa saa 11 jioni itakuwaje?" Usimsaidie kujibu. Wawili wakikosea mahali pale pale, badilisha sentensi hiyo tu, kisha wapelekee wengine wapya, maana wa kwanza wameshaambiwa jibu.

Na ongeza jina la cheo cha anayepokea pesa na kwamba atoe risiti. Hilo ndilo swali la kwanza watakalokupigia simu.