Altezza RS200, Runx Z au Integra Type R: valvu za ipi zinafaa barabara zetu?

Kijana wa Isevya (Tabora)

Mwangaluka wakuu. Nimejichanga miaka mitatu nipate gari la gia za mkono, lenye injini isiyozidi lita mbili, la kuendesha kwa raha. Nimebaki na matatu kichwani: Altezza RS200, Corolla Runx Z, na Integra Type R ya kuanzia 2001. Integra bei yake imepanda, lakini kama ndiyo yenyewe niko radhi kusubiri.

Kinachonichanganya ni injini. Zote zinasifiwa kwa valvu zinazobadilika, ila kila moja ina jina lake. Altezza VVT-i, Runx Z VVTL-i, Integra i-VTEC. Nikiuliza mjini naambiwa "ni kitu kile kile, majina tu." Siamini. Safari zangu ni Tabora–Nzega, na mara moja kwa mwezi naenda Kigoma kwa wazee kupitia Urambo na Kaliua. Nisaidieni kabla sijatoa hela.

Mwalimu wa Ipuli (Tabora)

Kijana, si kitu kile kile. Ngoja nianze mbali kidogo, maana ukielewa hapa hutadanganywa na dalali yeyote.

Injini yako ikizunguka 6,000 kwa dakika, krenkshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) inazunguka mara 100 kwa sekunde. Kila valvu, yaani kilango cha kuingiza hewa au kutoa moshi, inafunguka mara moja katika mizunguko miwili ya krenkshafti, kwa hiyo mara 50 kwa sekunde. Valvu ya hewa hukaa wazi takribani theluthi moja tu ya muda huo. Piga hesabu: ni kama milisekunde 7. Injini hiyo hiyo ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), 800 kwa dakika, valvu inakaa wazi milisekunde 50. Hewa ile ile, tundu lile lile, ila muda umepungua zaidi ya mara saba.

Sasa kumbuka mlango wa behewa pale stesheni yetu treni ikiingia usiku. Watu wakija kwa kasi, wa mbele akiingia wa nyuma yake anamsukuma, na hata behewa likionekana limejaa bado wanaingia. Ukifunga mlango mapema umewaacha nje watu ambao wangeingia. Lakini siku ya abiria wachache, wanaotembea polepole, ukiuacha mlango wazi muda mrefu utaona waliokwishaingia wanatoka tena kununua karanga. Hewa ni hivyo hivyo. Ina uzito, na ikishapata mwendo haisimami ghafla. Kwa rpm (mizunguko kwa dakika) kubwa unataka valvu ya hewa ichelewe kufunga, hata pistoni ikiwa imeshaanza kupanda. Kwa rpm ndogo ukichelewa, pistoni inairudisha hewa kwenye manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa), na gari linakosa nguvu ya kuondokea.

Kuna jambo la pili: kwa muda mfupi valvu ya moshi inakuwa haijafunga na ya hewa imeshafunguka. Kwa kasi kubwa hilo linafaa, moshi unaotoka unavuta hewa mpya nyuma yake. Kwenye sailensa linaharibu, moshi unachanganyika na hewa mpya na injini inatetemeka.

Zamani mtengenezaji alichagua kemshafti (shafti yenye nundu zinazosukuma valvu) moja na kuishi nayo. Ama gari la mjini lenye adabu, ama gari la mashindano linalotetemeka likisimama. Alfa Romeo ndio waliotangulia kuuza gari lenye kemshafti inayobadili wakati wa kufungua valvu, kwenye Spider ya 1980. Tangu hapo kila kampuni ikatafuta njia yake. Nauacha uwanja kwa mafundi waeleze njia hizo.

Fundi wa Mwanga (Kigoma)

Shikamoo mwalimu, mfano wa behewa umenifaa hata mimi, nitaupeleka kwa vijana wangu gereji.

Kijana, njia ni mbili. Ya kwanza ni kuisogeza kemshafti yenyewe. Hiyo ndiyo VVT-i. Gia ya mbele ya kemshafti, inayovutwa na cheni au belti, ndani yake ina vyumba vidogo na mapezi. Oili yenye presha ikiingia upande mmoja wa pezi, kemshafti inawahi. Ikiingia upande wa pili, inachelewa. Anayegawa oili ni valvu ndogo ya umeme kwenye hedi (kichwa cha injini), sisi tunaiita OCV, na kompyuta ya gari ndiyo inaiamrisha baada ya kusoma sensa ya krenkshafti na ya kemshafti. Inasogea kidogo kidogo muda wote, husikii kitu. Lakini elewa: valvu inafunguka urefu ule ule na kwa muda ule ule. Kilichobadilika ni lini tu.

Altezza RS200 ina injini ya 3S-GE yenye mtambo huo kemshafti zote mbili, ya hewa na ya moshi. Lita mbili, farasi 210 kwa 7,600 rpm.

Njia ya pili ni kubadili nundu inayoisukuma valvu. Huko Honda ndio wenyewe, nawaachia watu wao.

Runx Z ina 2ZZ-GE, lita 1.8, farasi 190, na Yamaha walishiriki kuiunda. Hii imeoa njia zote mbili. Kemshafti ya hewa inasogea kama VVT-i ya kawaida, halafu kila jozi ya valvu ina nundu fupi na nundu ndefu. Siku zote roka (mkono unaosukuma valvu) inatembea juu ya nundu fupi kwa rola. Ukifika karibu na 6,200 rpm, oili inasukuma pini ndogo chini ya mguu wa roka, na kuanzia hapo nundu ndefu ndiyo inayofanya kazi. Injini ikiwa ya baridi haikubali kabisa kufanya hivyo, inasubiri maji yapite nyuzi 60. Usiilaumu asubuhi.

Mtu wa Honda (Kanyenye, Tabora)

Nimeitwa nimekuja. VTEC ilianza kuuzwa 1989 kwenye Integra, injini B16A, lita 1.6 ikitoa farasi 160. Farasi 100 kwa kila lita bila turbo, na gari linaenda sokoni na kurudi bila kusumbua. Wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa.

Mtambo wenyewe: kila jozi ya valvu ina nundu tatu na roka tatu. Mbili za pembeni ni za upole, ya kati ni kali. Chini, ile ya kati inapiga roka yake bure, haigusi valvu. Juu, pini inapenya roka zote tatu na kuzifunga kuwa kitu kimoja, na ya kati inatawala. Valvu zinafunguka zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Ni kama injini mbili ndani ya hedi moja.

Injini ya K20A ya Integra Type R ikaongeza mtambo wa kusogeza kemshafti ya hewa, ndiyo maana ikaitwa i-VTEC. Lita mbili, farasi 220 kwa 8,000 rpm. Mbadala wake sijauona. Kijana, subiri upate hiyo.

Mwalimu wa Ipuli (Tabora)

Ndugu yangu, sibishani na uhandisi wa Honda. Nauliza kijana ataitumia wapi. Farasi hao wako 8,000. Halafu tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Hewa ya Tabora ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi ya asilimia 10, na injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho karibu. Altezza ya farasi 210 hapa kwetu ihesabu 185. Hakuna valvu ya kubadilika inayorudisha hewa ambayo haipo. Kigoma ziwani, kwa sababu mko chini zaidi, mnapata nafuu kidogo.

Ndiyo maana mimi naangalia 2,500 hadi 5,000 rpm, huko ndiko mtu anaishi akipita lori la tumbaku njia ya Urambo. Huko nundu ndefu haijaamka, si ya Runx wala ya Integra. Altezza inasogeza kemshafti mbili muda wote huo. Kwangu ni Altezza.

Dada wa Katubuka (Kigoma)

Mimi nina Runx Z mwaka wa nne sasa, na nataka kujibu kama mwenye gari.

Mwalimu yuko sahihi kuhusu chini. Chini ya 6,000 Runx yangu ni Runx tu, mtu akipanda hajui tofauti na ya 1.5. Lakini si kweli kwamba juu hakufikiki. Gia sita zimekaa karibu karibu. Gia ya pili inagusa 6,200 ukiwa kilomita sabini na kitu kwa saa, hujavunja sheria yoyote nje ya mji. Na pale mlio unabadilika. Mwanzo ni mlio wa kawaida, halafu unakuwa mkavu, wa juu, na kiti kinakusukuma mgongoni. Mara ya kwanza nilidhani ekzosi imechomoka.

Kinachonifanya nisiiuze ni spea. Shokapu, breki, taa, milango, vyote ni vya Runx ya kawaida na navipata Mwanga siku hiyo hiyo. Mwenye Integra akivunjika taa anaagiza Dar na kusubiri. Tupo Kigoma jamani, hilo si jambo dogo.

Mtu wa Honda (Kanyenye, Tabora)

Dada, hilo la spea nalikubali. Wiki tatu nilisubiri gasketi ya hedi.

Fundi wa Mwanga (Kigoma)

Sasa nisikilizeni, maana hakuna aliyegusa kinachoua injini hizi zote. Ni oili. Pezi, pini, OCV, vyote vinasukumwa na oili ile ile inayolainisha. Njia zake ni nyembamba. Mtu akiweka oili nzito ya lori, au akipitisha kilomita elfu kumi na tano bila kubadilisha, mtambo unakuwa mzito halafu unagoma.

Wiki iliyopita gari liliingia kwangu likiwa na taa ya cheki injini. Mashine ikasoma P0011, maana yake kemshafti imewahi na haikurudi. Mwenyewe alikuwa ameshaambiwa mahali anunue injini nyingine. Nikatoa OCV. Ina kichujio kidogo cha waya, ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Kilikuwa kimefunikwa utando mweusi unaonata kama asali iliyoungua, na katikati kimebaki kitundu kimoja cha kupitisha mwanga. Nikakiosha kwa petroli na brashi laini, nikasafisha OCV, nikaweka oili mpya ya 5W-30 na filta. Aliondoka jioni ile ile.

Kijana, ukienda kukagua gari lolote la VVT-i fanya hivi. Injini ipate joto, iwe sailensa. Chomoa waya wa OCV ya kemshafti ya hewa, halafu ipe umeme wa betri moja kwa moja kwa sekunde chache tu, usiiache. Injini ikitetemeka au ikazimika, mtambo ni mzima, kwa sababu umelazimisha kemshafti iwahi mahali pasipofaa. Isiposhtuka hata kidogo, jiulize mara mbili.

Kwa 2ZZ ongeza moja. Fungua tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini), angalia boliti zinazoshika shafti ya roka. Za miaka ya mwanzo zilikuwa zinalika na kukatika, na hapo ile nundu ndefu haifanyi kazi tena. Zilikuja boliti zilizoboreshwa, si ghali.

Na usisome nembo ya nyuma, soma kibati cha chesisi. RS200 ni SXE10. AS200 ni GXE10, hiyo ina 1G-FE ya silinda sita, farasi 160, gari laini lakini si unalolitafuta. Runx Z ni ZZE123.

Kijana wa Isevya (Tabora)

Wakuu, nashukuru sana. Mwalimu amenishawishi. Kuna Altezza RS200 nimeambiwa ipo Ujiji, Ijumaa naenda kuiona.

Kijana wa Isevya (Tabora)

Nimerudi. Nembo ya nyuma inasema RS200, kibati kinasema GXE10. Nilifungua boneti nikahesabu koili, ziko sita. Nilimwonyesha dalali kibati, akasema kote Kigoma gari hilo linajulikana kama RS200. Nikamshukuru nikaondoka. Fundi, umeniokolea akiba ya miaka mitatu. Mungu akulipe.

Dada wa Katubuka (Kigoma)

Pole kaka. Mfanyakazi mwenzangu anahamishwa na anauza Runx Z yake, ZZE123, gia sita. Namfahamu, oili anabadilisha kwa tarehe. Nakutumia namba faraghani.

Mwalimu wa Ipuli (Tabora)

Kama Altezza safi haipo, usiidharau hiyo. Angalau ina VVT-i ya hewa huko chini, na juu ina kitu ambacho Altezza haina.

Kijana wa Isevya (Tabora)

Imeshakuwa yangu. Fundi aliifungua mbele yangu. Ndani ya tapeti kava rangi ni kahawia ya chai, hakuna tope. Boliti zilishawahi kubadilishwa. Alipoipa OCV umeme wa betri injini ikazimika palepale, akacheka akasema lipa.

Jumapili nilitoka Kigoma alfajiri. Uvinza, daraja la Malagarasi, Nguruka, kote huko sikuvuka 4,000, nilitaka kwanza kuijua breki. Baada ya Urambo barabara ilinyooka, hakuna mtu wala ng'ombe, nikaiweka gia ya pili nikakanyaga hadi mwisho. Kwenye 5,000 nilikuwa najiuliza kama ndiyo hiyo. Mshale ulipopita 6 mlio ukageuka, mkavu kama dada alivyosema, na mikono yangu ikakaza usukani yenyewe.

Oili nimenunua galoni mbili kabisa. Moja iko kwenye buti.