Niliacha Ukatoliki miaka 15, nimeanza kurudi kimyakimya ila mashaka hayaishi. Naombeni ushauri

BenchiLaNyuma:
Wakuu, habari za usiku. Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara nne, nivumilieni.

Nimezaliwa Peramiho, kengele za abasia ndizo zilikuwa saa yetu. Nimetumikia altare hadi darasa la saba, komunio, kipaimara, vyote nimepata. Nikaja Dar chuoni, nikaanza kusoma na kubishana mitandaoni, kufika 2010 siamini chochote. Na sikuwa yule wa kusema "sijui". Nilikuwa yule anayekaa msibani akisubiri watu wamalize sala ili pilau iletwe.

Mwaka jana tukamzika shangazi. Kwaya ikaanza litania ya watakatifu, nikashtuka mdomo wangu unajibu "utuombee" wenyewe. Tangu siku hiyo sijakaa sawa. Huu ni mwezi wa nne naenda misa ya kwanza, saa 12 asubuhi, nakaa nyuma kabisa ambako hakuna hata pa kupigia magoti, tunapiga sakafuni. Jumapili iliyopita padre kaingia na kasula yake (lile vazi la juu la misa) ya zambarau, nikajisikia niko nyumbani. Dakika ishirini baadaye kwenye Nasadiki, ile sala ya kukiri imani, tulipofika ufufuko wa wafu, midomo ikagoma.

Swali: mtu anaweza kwenda kuungama huku nusu yake haiamini? Mara ya mwisho nimeungama 2008. Au huo ndio unafiki wenyewe? Nawasilisha.

Sijui_Sana:
Siti ya mbele hapa, nasubiri wajuzi.

KobeMwendo:
Kabla hujarudi ulizia madeni. Mimi nilipotea miaka 6 tu. Siku ya kwanza jumuiya, mwenyekiti akatoa daftari: zaka, mavuno, ujenzi wa ukumbi, na mchango wa harusi ya mtu nisiyemjua. Nikamwambia hata Mwana Mpotevu hakudaiwa. Akanijibu Mwana Mpotevu hakuwa na jumuiya. Nililipa kwa awamu hadi mwezi wa kumi.

MlokoleHalisi:
Ndugu yangu, tatizo si mashaka, tatizo ni dini. Njoo kwetu Jumapili, hayo mashaka yanakemewa yanaondoka, na huungami kwa binadamu mwenzio.

HuruNiHuru:
Una miaka mingapi, 38? 40? Ndiyo maana. Mwanaume akishazika ndugu wawili watatu anaanza kunusa ubani. Ni muziki tu umekugusa. Mimi taarabu za zamani hunitoa machozi na sijawahi kuachwa na mtu.

KatekistaMstaafu:
Mleta uzi, nimefundisha dini miaka 31. Ubatizo haurudiwi wala haufutiki, kwa hiyo wewe ni mtu wa nyumbani uliyelala nje. Unaingia kitubio, unamwambia padre niliacha imani, mnaanzia hapo. Hatakutahini Nasadiki mstari kwa mstari. Yule baba kwenye Marko 9 alisema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", na mtoto wake akaponywa. Hakuambiwa aende kwanza akaamini vizuri ndipo arudi. Mama Teresa wa Kalkuta, barua zake zilipotolewa 2007, miaka 10 baada ya kufa kwake, watu walishangaa: karibu miaka 50 alikuwa gizani, anasali hasikii kitu. Wewe miezi minne unalia.

BenchiLaNyuma:
Asante mzee wangu. Ila Mama Teresa giza lake aliliweka kwenye barua. Hakumzimia mwingine taa.

MamaWaJumuiya:
Subiri mwanangu. Wewe umemzimia nani? Na kwa nini lazima iwe misa ya kwanza?

BenchiLaNyuma:
Mama, hilo halihusiani na swali langu.

MamaWaJumuiya:
Ndilo swali lako hilo. Sema.

BenchiLaNyuma:
Basi. Ni mke wangu.

Nilipompata alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya parokia yao, rozari haimtoki mkononi. Ilinichukua miaka miwili. Hatukugombana, yalikuwa maswali tu, usiku, taa ikishazimwa. Siku moja 2014 alilia hadi kunakucha, kisha akaitumbukiza rozari kwenye droo ya jikoni, humo na betri zilizokwisha na funguo ambazo hatujui ni za mlango gani. Nikajiona nimeshinda. Ndoa tukafunga bomani. Leo ametulia kuliko mimi, anasema zamani aliishi kwa hofu na hataki kurudi huko. Nikimwambia nimerudi si nitakuwa nimembomolea nyumba mara ya pili? Kwa hiyo Jumapili navaa viatu vya mazoezi na suruali ya michezo, naaga kwamba naenda kukimbia.

Sijui_Sana:
Kukimbia kweli umekimbia.

KatekistaMstaafu:
Ungeanza na hili. Ndoa ya bomani kwa Wakatoliki wawili, Kanisa haliitambui, itabidi irekebishwe, na kabla ya hapo usitegemee kukomunika. Inarekebishika, nimeona nyingi. Lakini kwa kawaida inahitaji watu wawili. Kwa siri ni vigumu. Mna mtoto?

BenchiLaNyuma:
Mmoja, miaka 8. Huyo nimeshamwandikisha mafundisho ya ubatizo, mwezi wa pili sasa. Naomba msinishambulie, nilisoma kwamba ridhaa ya mzazi mmoja inatosha.

MamaWaJumuiya:
Na mama yake anajua yuko wapi Jumamosi?

BenchiLaNyuma:
Anajua tunaenda kuogelea.

MamaWaJumuiya:
Yesu na Maria! Na mtoto anarudi na nywele kavu?

BenchiLaNyuma:
Huwa nampitisha kwenye bomba la nje pale parokiani kabla hatujaondoka.

KobeMwendo:
Basi ameshabatizwa huyo, mnasubiri cheti tu.

KatekistaMstaafu:
Mzazi mmoja anatosha kwa mtoto mchanga. Akishafika miaka 7 Kanisa linamhesabu ana akili zake, anaomba mwenyewe. Umemuuliza?

BenchiLaNyuma:
Anazipenda nyimbo. Na mzee, ninyi hammjui mke wangu. Namtafutia siku nzuri ya kumwambia.

MamaWaJumuiya:
Siku nzuri ilikuwa kabla ya lile bomba. Mtoto hajafika kwenye amri ya nane, ile ya kutosema uongo, umeshamfundisha kuivunja.

HuruNiHuru:
Leo nakubaliana na mama wa kanisa, wekeni tarehe. Mke ulimtoa taratibu gizani, mtoto unamwingiza taratibu gizani. Hujabadilika kitu ndugu, umehama timu tu.

BenchiLaNyuma:
Hiyo ya timu imeniuma. Sina jibu.

MzeeWaData:
Samahani, naomba niwazuie hapo. Mnakunywa CHAI. Moja, Jumapili iliyopita ilikuwa ya nne ya Kwaresima, Dominika ya Furaha, padre anavaa waridi, si zambarau. Mbili, mwezi wa tisa mleta uzi alikuwa jukwaa la magari anatafuta gari dogo "la bachela". Bachela mwenye mke na mtoto wa miaka 8? Mtunzi huyu.

Sijui_Sana:
Duh. Na bando langu limeishia hapa.

MlokoleHalisi:
Roho alinionyesha mapema ila nikanyamaza.

KatekistaMstaafu:
Roho angekuonyesha na hili: waridi ni ruhusa, si amri. Parokia isiyo na kasula ya waridi inabaki na zambarau yake. Kwetu tulikuwa nayo moja, panya wakaitafuna mkono, tukarudi kwenye zambarau na hakuna aliyekufa.

BenchiLaNyuma:
Gari lilikuwa la mdogo wangu, hana akaunti humu.

MzeeWaData:
Mdogo wako. Haya.

KobeMwendo:
Alipata gani? Na mimi natafuta.

BenchiLaNyuma:
IST. Jamani turudi kwenye mada.

KobeMwendo:
IST ya mwaka gani? Nijibu hata inbox.

MamaWaJumuiya:
Ikiwa ni uongo, amejitungia mke mwenye akili kuliko yeye. Ikiwa ni kweli, namwombea huyo mke. Mwanangu, itoe ile rozari kwenye droo uiweke mezani, halafu nyamaza. Atauliza mwenyewe.

BenchiLaNyuma:
Wakuu, leo Jumapili. Rozari sikuitoa, niliogopa.

Nimerudi kutoka misa nimemkuta anakanda unga. Akatazama viatu, akatazama suruali. Akauliza mbona magotini kuna vumbi. Nikasema nimejikwaa nikaanguka. Akapangusa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, akasema: "Umeanguka magoti yote mawili, sawasawa?" Kisha akarudi kwenye unga wake.

Sasa hivi niko nje ndani ya gari, nimejifanya kuna kitu nimesahau. Harufu ya chapati inanifikia hadi huku. Sijui niingie na neno gani la kwanza.

KatekistaMstaafu:
Ingia hata bila neno. Kitubio unakianza leo, padre utamkuta baadaye.

MamaWaJumuiya:
Na mtoto umemwacha na nani huko ndani? Maana yeye akiulizwa habari za kuogelea atasema.

MzeeWaData:
Chai tulikuwa nayo tangu juzi. Sasa na chapati imeletwa.