Ushauri: bia kwenye sherehe ya kipaimara, ni dhambi?

Mwanakwaya wa Tomondo:
Tumsifu Yesu Kristo. Binti yangu anapata kipaimara kanisani Mkunazini, hapa Unguja, mwezi ujao. Nyumbani nataka wageni wale pilau, wanywe soda na bia kidogo. Sisi Waanglikana bia si haramu, na Paulo mwenyewe alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Sasa ndugu wawili wa kanisani wamenijia juu. Usingizi sina.

Bi Fuoni:
Mimi nauliza majirani. Wengi huko ni Waislamu. Kreti zitapita mbele ya nani?

Mzee wa Kwerekwe:
Mwanangu, nilipovuka kutoka Bara nilikuwa sili nyama ya soko la Darajani, eti imechinjwa na Muislamu. Padri akanifungulia 1 Wakorintho 10: kinachouzwa sokoni kuleni, msiulizeulize. Nikala. Lakini mke wangu moyo wake ulikuwa bado. Nikiipika, anatoka uani anakula ugali na chumvi. Nikaacha kuileta nyumbani, tukala dagaa mpaka siku aliyoiomba mwenyewe.

Kijana wa Chake:
Hao wawili ni akina nani? Mbona umewaruka?

Mwanakwaya wa Tomondo:
Mmoja mzee wa kanisa. Wa pili shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, tunaishi naye. Katoka soba hausi, nyumba ya kuachia ulevi, juzijuzi. Lakini bia nimeshalipia, na nimemwambia siku hiyo aende kwa dada yake Wete. Paulo huyohuyo anauliza, kwa nini uhuru wangu uhukumiwe na dhamiri ya mwingine?

Bi Fuoni:
Mjomba mtu aondolewe kwenye sherehe ya mpwa wake ili watu wanywe? Soma na Warumi 14:21, mvinyo umetajwa humo.

Kijana wa Chake:
Mwanzo wageni, sasa shemeji wa soba hausi. Kila akibanwa anaongeza mtu. Hii chai.

Mwanakwaya wa Tomondo:
Chai? Njoo umuone. Sasa hivi yuko uani anapaka chokaa ukuta kwa ajili ya sherehe hiyohiyo.

Mzee wa Kwerekwe:
Yeye mwenyewe anasemaje?

Mwanakwaya wa Tomondo:
Kasema mara moja tu: “Shem, nikisikia zinafunguliwa, sitoboi.”

Bi Fuoni:
Basi mpigie muuzaji leo, akubadilishie soda.

Mwanakwaya wa Tomondo:
Nitampigia. Ila huyo mzee wa kanisa naye hunywa, mbona hilo hamlisemi?