The Clock: kazi ya Marclay au mali ya watu?

Wakuu, naleta hoja. Mwaka 2010 Christian Marclay alionyesha London video inayokwenda saa 24 mfululizo, The Clock. Kamera hakuigusa. Alikata maelfu ya vipande kutoka filamu za wengine, vyenye saa ya mkononi, ya ukutani au mtu anayetaja muda, akavipanga viende sambamba na saa ya ukumbini. Ukiingia saa tisa na robo alasiri, kwenye skrini nako ni saa tisa na robo. Ruhusa za wenye filamu hakuzitafuta. Mwaka uliofuata akatunukiwa tuzo ya Simba wa Dhahabu katika maonyesho ya sanaa ya Venice, na nakala zake chache zikanunuliwa na makumbusho makubwa.

Mimi nasema ni msanii, tena fundi. Tatizo watu wanabishania picha, masikio wameyaacha nyumbani. Tazama Telephones, video yake ya 1995: huyu anazungusha namba katika filamu ya zamani, simu inalia katika nyingine, anapokea mtu wa filamu ya tatu. Waigizaji hawajawahi kukutana, lakini unaamini wanaongea. Mshono huo wa sauti haumo katika filamu yoyote kati ya hizo.

— Napinga, mkuu. Mshono wake, sawa. Kitambaa je? Fundi akikushonea shati kwa kitambaa cha jirani yake bila kumuuliza, utasifia mkono? Halafu hata kuzipekua hizo filamu kutafuta saa walifanya wasaidizi. Na kinachoniudhi zaidi: aliyechota kwa wote bila hodi, yake haiuzwi kwa mtazamaji wa kawaida. Usubiri makumbusho iionyeshe, upange foleni.

— Hapo kwenye foleni umenibana, sina jibu. Wasaidizi wamo hata kwenye filamu zenyewe, hiyo naipita. Ila ruhusa ya kila kipande ingemaanisha maelfu ya barua, na mmoja akikataa dakika yake inabaki tupu. Kwa msanii mwingine, Douglas Gordon, ningekuelewa haraka: mwaka 1993 alichukua filamu moja, Psycho ya Hitchcock, akaivuta taratibu mpaka ikajaza saa 24. Filamu moja, barua moja. Kwa Marclay nitajie kipimo: sekunde ngapi za filamu ya mtu ndipo uite wizi?